Ombi la Kumpunguzia Binti Yangu Ufundi wa Umeme

Kwa Mkuu wa Chuo,
Chuo cha Ufundi.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

YAH: BINTI YANGU KUFUNDISHWA KUPITA KIASI

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, ofisi yako haivuji na mafaili yako yamekaa kwa mpangilio. Ukiniuliza hali yangu, kwa mwili sijambo. Ninachoumwa ni heshima.

Nijitambulishe. Mimi ni karani mstaafu wa masjala. Kwa miaka thelathini na mmoja nimepokea barua za malalamiko za watu wengine, nikazigonga mhuri, nikazipanga kwa tarehe, na kwa muda wote huo sikuwahi kuandika hata moja ya kwangu. Hii ndiyo ya kwanza. Nakuomba uipe uzito wa mtu aliyejizuia miaka thelathini na mmoja.

Mimi pia ni baba mzazi wa binti aliyehitimu chuoni kwako miaka minne iliyopita, fani ya umeme wa majumbani. Ni kitinda mimba wangu. Huenda unamkumbuka: mrefu, haongei sana, na akikutazama unaanza kukumbuka makosa yako. Siku ya mahafali nilikaa safu ya pili, nikapiga makofi mpaka viganja vikapata joto. Leo nakiri kwamba sikujua ninapigia nini makofi.

Kwa maneno machache, mlimfundisha. Nilitegemea mtamfundisha kiasi cha kupata kazi. Sikutegemea mtamfundisha kiasi cha kuja kunisahihisha sebuleni kwangu, mbele ya shemeji yangu.

Nitaeleza tukio kwanza, kisha malalamiko kwa namba, kama taratibu zinavyotaka.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa nahamisha bomba la pazia kutoka chumbani kwenda sebuleni. Bomba lenyewe lina mita tatu, na nililibeba begani. Mke wangu akaniita kutoka jikoni, akitaka kujua nimeweka wapi kisu chake cha nyanya. (Nilikuwa nimekitumia kukatia waya wa antena. Hilo halihusiani na barua hii.) Nikageuka kumjibu. Nami nilipogeuka, bomba nalo likageuka, ila lenyewe lilikuwa na safari ndefu kuliko yangu, na katikati ya safari hiyo likakutana na taa ya dari.

Taa hiyo ni bakuli la kioo cheupe lenye maua ukingoni, limeshikwa na sahani ya bati, na ndani yake kuna balbu ya ile aina iliyojisokota. Niliifunga kwa mikono yangu miaka ishirini na miwili iliyopita, wakati binti huyu hajui kufunga hata kamba za viatu. Bakuli likapata ufa wa kutoka ukingo hadi ukingo. Sahani ikang'oka upande mmoja. Taa nzima ikabaki inaning'inia kwa skrubu moja na nyaya zake mbili, imeinama kama mtu anayetafuta kitu sakafuni.

Lakini, na hapa naomba uzingatie, ilikuwa bado inawaka. Ilikuwa inaunguruma kidogo, tena inapepesa, lakini inawaka. Kwa uelewa wangu, taa inayowaka haijaharibika. Imebadilisha mkao tu.

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alikuwa kochini anatazama mpira. Ni dereva mstaafu wa malori makubwa, na kila Jumamosi huja kwangu kwa sababu televisheni yangu ni kubwa kuliko yake, ingawa yeye husema anamfuata dada yake. Akainua macho, akasema, "Shemeji, hiyo itaanguka."

Nikamwambia, "Haianguki. Nimeifunga mimi."

"Ndiyo maana nasema," akajibu, akarudi kwenye mpira.

Sasa wewe ungekuwa mimi ungefanya nini? Nilivuta meza ya kulia chakula, nikapandisha kiti juu ya meza, nikaweka bisibisi mfukoni na tepu mdomoni. Mpango wangu ulikuwa kuuziba ufa kwa tepu na kuirudisha sahani mahali pake, jambo la dakika tano. Na kwa kuwa mimi si mjinga, nilizima kwanza swichi ya ukutani. Taa ikazimika. Mke wangu akatokea mlangoni, akaona mlima nilioujenga, akasema, "Baba watoto, si umsubiri mwenye kazi yake?"

"Mwenye kazi yake ndiye huyu yuko juu ya meza," nikasema, kadiri tepu ilivyoniruhusu.

Ndipo binti yetu alipoingia kutoka kazini, na ovaroli lake na buti zake. Malalamiko yanaanzia hapo.

1. KUSHUSHWA. Binti aliingia, akasema, "Shikamoo mjomba." Akasema, "Shikamoo mama." Kisha akainua uso, akaniona mimi mzazi wake nimenyoosha mkono juu ya kiti juu ya meza, akasema, "Baba, shuka."

Hakuna shikamoo, hakuna samahani. Maneno mawili, kama anamwambia kuku. Naomba kufahamu kama maneno haya yamo katika mtaala wenu, na kama yamo, yamo mwaka wa ngapi. Niligeuka nimuulize shikamoo yangu imekwenda wapi, na kiti kikayumba, nikashika sahani ya bati nisianguke, na bakuli likachukulia hilo kama ruhusa ya kuondoka. Likaenda chini pamoja na balbu. Vyote vikawa vipande. Mimi sikuanguka, ila nilishuka kwa mtindo ambao shemeji ameshausimulia mtaa mzima.

Naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba kabla binti hajafika, taa ilikuwa na ufa mmoja tu.

2. KUDHALILISHWA NA TESTA. Nyaya zilibaki zinaning'inia na holda tupu, ile inayoshika balbu. Binti akatwambia tusisogee, akapita juu ya vioo na buti zake, akanitazama. "Baba, umeme umezima wapi?"

"Ukutani," nikasema. "Kwani taa si imezimika?"

Akatoa kwenye mfuko wa kifuani kidude kama kalamu kiitwacho testa, akakisogeza karibu na nyaya. Kidude kikawaka taa nyekundu na kuanza kulia kama kifaranga. Akaenda kwenye swichi, akahakikisha imezimwa. Akarudi. Kikawaka tena.

"Swichi imezimwa na waya una moto," akasema. "Swichi imekata waya usio wenyewe. Taa inazimika, lakini umeme umejaa hapa juu saa zote." Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, "Nani aliifunga hii swichi?"

Nikasema, "Kuna fundi mmoja."

"Yuko wapi?"

"Alishastaafu."

Mke wangu, ambaye nimeishi naye miaka thelathini na minane bila kumkosea kwa makusudi, akasema, "Amevaa kaptura ya bluu."

Shemeji alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaletewa maji, na maji yakampalia kwa sababu alikuwa bado anacheka.

Ndugu Mkuu, tuliangalie jambo hili kikarani. Kwa miaka ishirini na miwili mimi nilisema taa imezimika. Swichi ilisema taa imezimika. Taa yenyewe, kwa kukosa mwanga, ilikubaliana nasi. Hao ni mashahidi watatu. Upande wa pili kuna kidude kimoja chenye ukubwa wa kalamu, kimezaliwa juzi, na mnamfundisha mtoto aamini hicho.

2(b). KUTIA CHUMVI. Binti akasema pia kwamba mkono wangu ulikuwa umebakiza nusu shibiri kuugusa ule waya, na kwamba nilikuwa nimeshikilia bati kwa mkono wa pili, na kwamba hali hiyo ina jina lake lakini hatalitaja mbele ya mama yake. Jioni, watu walipotawanyika, nilirudi nikapima kwa rula. Ni sentimita kumi na mbili. Nusu ya shibiri yangu ni kumi na moja na nusu. Kwa hiyo alikosea kwa nusu sentimita, na ninaiweka hapa ili ijulikane kwamba na yeye hukosea.

3. KUZIMIWA NYUMBA NZIMA. Baada ya testa, binti hakuridhika na swichi ya ukutani iliyodumu miaka ishirini na miwili. Alikwenda moja kwa moja kwenye swichi kuu akaishusha. Friji ikanyamaza. Pasi ya mke wangu ikapoa. Televisheni ikazimika mpira ukiwa umewekwa kwenye alama ya penalti, na shemeji, aliyekuwa anacheka hadi wakati huo, akaonja kidogo yale ninayoyapitia.

Kisha akabandika karatasi kwenye sanduku la swichi: USIWASHE. NIKO JUU. Nimeikagua karatasi hiyo. Haina kumbukumbu namba. Haina tarehe. Haina sahihi. Haionyeshi nakala imepelekwa kwa nani. Mimi ndiye mkuu wa kaya, na sikupewa hata nakala. Juu ya hayo akalifunga sanduku kwa kufuli na ufunguo akauweka mfukoni, katika nyumba ambayo watu wengine waliokuwemo walikuwa wazazi wake, mjomba wake na mjukuu wangu wa miaka mitano. Nilipomuuliza anamhofia nani kati yetu, aliuhamishia ufunguo mfuko ulio mbali na mimi.

Alipokwisha kuzima akapima tena kwa testa. Na baada ya kuhakikisha kidude kimenyamaza, akakipeleka kwenye betri ya gari la shemeji... hapana, nasema uongo, alikwenda kukijaribu kwenye soketi ya jirani yenye umeme, ili kuona kama bado kinafanya kazi, kisha akarudi kupima mara ya tatu! Mtu asiyejiamini namna hiyo, mimi kwa nini nimwamini?

4. KUFUKUZWA KWA AJILI YA BALBU. Alifungua madirisha yote ya sebule, akafunga mlango wa ndani, akatwambia, "Tokeni nje, robo saa. Balbu za aina hii zina zebaki kidogo ndani, nayo ni sumu. Acheni hewa itoke."

Mimi nimewahi kutolewa nje na mkurugenzi. Nimewahi kutolewa nje na moshi wa maharage yaliyoungua. Sijawahi kutolewa nje na balbu. Tulikaa barazani, shemeji na mimi, mimi nikiwa na ile kaptura ya bluu na fulana yenye tundu kwapani. Akapita muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili, akatusalimu, akauliza tunapunga upepo? Shemeji akamjibu, "Tumefukuzwa na balbu." Muuguzi akasimama. Akauliza ni balbu ya aina gani. Tulipomweleza, akasema binti amefanya sawasawa kabisa, na akaenda zake akitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa hiyo sasa kuna na majirani walio upande wake.

5. UFAGIO KUPIGWA MARUFUKU. Tuliporudi, mke wangu alishika ufagio. Akaambiwa auweke chini, kwamba ukifagia unga wa balbu unautawanya. Hata kuokota kwa mikono tukakatazwa. Binti akavaa glavu nene, akaomba karatasi ngumu. Kabla sijasema neno alikuwa ameshapewa na mama yake jalada la faili langu la Barua za Pongezi. Ni kweli faili hilo lilikuwa tupu. Lakini lilikuwa wazi kupokea.

Kwa jalada hilo akakokota vipande vyote, vikubwa na vidogo. Chembe zilizobaki akazinasa kwa tepu, akiibandika sakafuni na kuibandua, ile ile tepu niliyokuwa nayo mdomoni. Akafuta kwa karatasi iliyoloweshwa maji. Akatia kila kitu ndani ya chupa kubwa yenye mfuniko, akaandika kwa nje: KIOO NA BALBU, USIFUNGUE. Mafunzo ya namna hii ni ya gharama kwa taifa. Mimi ningekwisha kufagia vyote chini ya kochi.

6. KUFICHUA YALIYOFICHIKA. Hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Binti alileta ngazi yake, akapanda, akafungua skrubu iliyobaki, akaishusha sahani ya bati. Akamulika kwa taa ya mkononi. Akaisogeza huku na huku muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema, kwa sauti ya chini sana, "Baba, njoo unuse."

Nilipanda. Ndani ya lile tundu nyaya zilikuwa zimesokotwa pamoja na kuzungushiwa plasta ya kidonda, kwa sababu mwaka ule tepu ya umeme ilikuwa imeniishia na plasta ilikuwepo, na vyote viwili vinanata. Ngozi ya nyaya ilikuwa imekauka, ukiigusa inavunjika kama biskuti. Bodi ya dari pembeni yake ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na karibu zaidi na nyaya ilikuwa nyeusi. Nikanusa. Ni harufu ninayoifahamu. Imekuwa ikija sebuleni mara moja moja kwa miaka, na kila mara nilisema ni jirani anachoma takataka.

Ile skrubu ilikuwa imeingia kwenye bodi peke yake, haikugusa mbao ya kenchi inayobeba paa hata kidogo. Taa ile na bakuli lake zilikuwa zimening'inia kwenye kitu kisichozidi ugumu wa boksi la viatu.

Na chini yake, Ndugu Mkuu, ni kochi la watu watatu ambalo mjukuu wangu hulalia kila siku baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa sijawahi kuliangalia kochi lile nikiwa juu. Ukiwa juu unaona vizuri kabisa alama ya kichwa chake kwenye mto.

Shemeji aliacha kucheka. Mke wangu akakaa.

Sina la kuongeza katika kipengele hiki.

7. Nimekifuta.

8. KUTOGOMBEZWA. Nilikuwa nimejiandaa. Katika kazi yangu nimegombezwa na watu wenye vyeo, najua namna ya kusimama na mahali pa kutazama. Binti alizikata nyaya, akazifunika ncha zake moja moja kwa viunganishi, akaziba tundu, akashuka, akanawa mikono. Kisha akanimiminia chai, akakaa karibu yangu, akauliza kwa upole, "Baba, mikono yako ilikuwa imelowa?"

Nikasema haikuwa.

Nilikuwa nimepanda mezani nikitoka kuosha kile kisu cha nyanya.

Akasema, "Sawa, baba." Hilo tu. Nakuuliza kama msomi: mzazi anajitetea vipi mbele ya mtoto asiyemgombeza?

9. HALI YA SASA. Sebule yangu haina taa ya dari. Tunatumia taa ya mezani. Binti amesema taa mpya itafungwa wiki ijayo atakapopata nafasi, itashikwa kwenye mbao ya kenchi, na swichi itafungwa upya ikate waya wenyewe, ule wenye moto. Mpaka hapo hakuna mtu kupanda juu ya kitu chochote kirefu kuliko stuli ya jikoni. Mjukuu ameyabeba maneno hayo. Jumapili nilipotaka kubadilisha betri za saa ya ukutani, alisimama mbele yangu, mikono kiunoni, akaniuliza, "Babu, umezima swichi kuu?" Nikamweleza kuwa saa inatumia betri. Akaniambia nizime hivyo hivyo. Nilizima. Nimekuwa mtu wa kuzima umeme wa nyumba nzima ili nibadilishe betri mbili.

Kwa kuzingatia yote hayo, naomba chuo chako kichukue hatua zifuatazo:

(a) Kumwita binti yangu chuoni na kumpunguzia ufundi kwa theluthi moja. Kinachobaki kitamtosha kwa kazi za watu wengine.

(b) Ikiwa ufundi ukishaingia hautoki, kuanzisha somo jipya la lazima liitwalo Namna ya Kumshusha Mzazi Juu ya Meza, likiwa na vipindi visivyopungua vinne kwa wiki, shikamoo ikiwa mada ya kwanza.

(c) Kuzirekebisha testa zote zinazotumika chuoni ili zikisogezwa karibu na kazi ya mkuu wa kaya ziwake kwa adabu, bila kulia. Ikiwezekana ziseme pembeni.

(d) Kuuandikia umeme wenyewe, kwa kupitia mamlaka husika, kwamba unapokuwa ndani ya nyumba ya mtu utambue nani mwenye nyumba, umri wake na utumishi wake, na uwe unampisha. Najua umeme haujui kusoma. Hata wakubwa wangu wengi niliowapelekea barua hawakuwa wakizisoma, na bado walizijibu.

(e) Kunipa mimi cheti cha heshima cha ufundi wa umeme, cha kutundikwa sebuleni, ili shemeji akija Jumamosi akikute. Kitatundikwa na mtu mwingine.

Nipelekee salamu kwa walimu wote wa idara ya umeme, hasa yule aliyemfundisha binti kupima mara tatu, nikimwonea huruma mke wake. Wasalimie makarani wa ofisi yako na mtunza masjala, umwambie nafahamu anayopitia. Wasalimie wapishi, walinzi, na wanafunzi wote, ukiwahimiza wasome kwa kiasi. Mke wangu anakusalimu na kusema hahusiki na barua hii. Mjukuu anasalimia pia na ameuliza swali ambalo umeshalijua.

Naweka kalamu chini nikiwa na imani na ofisi yako, kwa kuwa ofisi nyingine nimezifanyia kazi.

Ni mimi, mzazi aliyezidiwa,

Karani Mstaafu wa Masjala
(sahihi imewekwa, tarehe imewekwa, kama inavyopaswa)

NYONGEZA. Barua hii ilikuwa imeshafungwa ndani ya bahasha. Nimeifungua kwa mvuke wa birika, kwa sababu Jumanne asubuhi shemeji alipiga simu. Sauti yake haikuwa ya mzaha. "Shemeji," akasema, "taa ya chumba cha watoto imeanza kuunguruma kama ile ya kwako."

Taa hiyo nilimfungia mimi, mwaka aliohamia.

Kabla sijafikiri nikajikuta nasema, "Usiiguse. Usipande. Watoe watoto humo ndani, nenda kazime swichi kuu, swichi ya ukutani usiiamini. Namleta Fundi." Nilipokata simu mke wangu alikuwa ananitazama. Katika miaka minne sikuwahi kumwita binti yetu kwa jina hilo.

Nikakaa mezani. Nilipokuwa kazini, siku za mapumziko nilikuwa nawafungia watu taa, bila malipo, kwa kuwa walinisifu, na mimi mtu akinisifu sikatai. Nikachukua karatasi, nikaziandika nyumba zote ninazozikumbuka, na mke wangu akanikumbusha mbili nilizotaka kuzisahau. Zikafika tisa. Nikampa Fundi orodha. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaniambia nivae viatu.

Hadi leo tumeshamaliza nne. Katika kila nyumba yeye anazima swichi kuu, na mimi nasimama mbele ya mwenye nyumba na kumwambia kwamba aliyeifunga vibaya ni mimi. Sikumbuki kazi ngumu kuliko hiyo katika utumishi wangu. Nyumba ya pili ilikuwa ya mama mmoja aliyewahi kuwa mpiga chapa wetu. Alinishukuru kwanza kwa miaka kumi na tisa ya mwanga, akataka kutupikia, na ilinibidi nimkatishe ili nimweleze. Alipanda mwenyewe kwenye ngazi akaangalia. Aliposhuka alinishika mkono, hakuuachia haraka, wala hakunishukuru tena.

Kwa hiyo maombi (a) hadi (e) nayafuta. Ufundi wa binti yangu usipunguzwe hata kidogo. Kama mna mwingine uliobaki stoo, mwongezeeni.

Jambo la mwisho linakuhusu wewe binafsi. Nilipokuwa naandika anwani juu ya bahasha ndipo nilipokumbuka, na orodha sasa ina nyumba kumi. Ya kumi iko ndani ya uzio wa chuo chako, nyuma ya karakana ya useremala, ina mlango wa kijani. Ni nyumba ya Mkuu wa Chuo. Mtangulizi wako tulikuwa tunacheza naye drafti, na taa yake ya chumba cha kulia chakula iliharibika wiki ya mitihani, walimu wote wa umeme wakiwa wanasahihisha, naye hakutaka kuwasumbua. Nikamwambia jambo dogo hilo, niachie mimi.

Tutafika kwako Alhamisi saa tatu asubuhi. Ikiwa unaisoma barua hii ukiwa umekaa kwenye meza ya chumba hicho, tafadhali simama taratibu, waite walio karibu nawe, mtoke, ukazime swichi kuu. Usirudi kuangalia kama nimeandika kitu kingine. Sijaandika.